Kumi na moja na nusu: mjadala wa hewa na petroli pale Hale

Hoja ni hii. Kijana ana Subaru Forester ya turbo. Ameshabadilisha ekzosi, ameweka chujio la hewa la wazi, na sasa anataka turbo isukume zaidi. Je, aongeze petroli mpaka geji isome kumi na moja na nusu, au aliache gari lile mafuta kama kiwanda kilivyopanga?

Mjadala huu nimeutunga mimi, na wasemaji nimewaita kwa kazi zao. Nimeuweka Hale, wilayani Korogwe, kwa sababu barabara ya Segera kwenda Tanga inapitisha hapo malori ya dizeli na magari madogo ya Kijapani mchana na usiku, na kwa sababu Hale, pamoja na udogo wake, imeishi na injini muda mrefu. Kuna mashine za mkonge. Kuna kituo cha umeme wa maji ya mto Pangani, megawati 21, kilichoanza kazi mwaka 1964. Na kwenye shamba la mkonge la Katani ulijengwa mtambo wa bayogesi, ambao utatufaa baadaye.

Wasemaji ni wanne. MZEE alikuwa fundi wa mashine za mkonge, amestaafu, sasa ana gereji ya chini ya mti. DEREVA anaendesha lori la saruji. FUNDI UMEME ni dada aliyesomea umeme wa magari VETA, anatembea na kompyuta ndogo begani. KIJANA ndiye mwenye gari.

KIJANA: Shikamoo mzee. Nianze mimi kwa kuwa gari ni yangu. Kila mwenye turbo anajua namba ni kumi na moja na nusu: hewa kilo kumi na moja na nusu kwa petroli kilo moja. Geji nimenunua Kariakoo, nimeifunga mwenyewe. Nikikanyaga nikitoka kwenye tuta, taa zinapanda mpaka kijani, yaani mafuta yapo. Nataka niongezewe kidogo tu, na presha ya turbo ipande kutoka bar 0.8 mpaka 1.2.

MZEE: Marahaba. Na hiyo kumi na moja na nusu umeisoma wapi, kwenye geji au kwa watu?

KIJANA: Kwa watu. Geji yangu haina namba, ina taa.

DEREVA: Dogo, utaunguza injini. Joto linaletwa na mafuta, siyo hewa. Sisi kwenye lori ukizidisha dizeli moshi unakuwa mweusi, unapanda mlima unanusa ekzosi inavyoungua, na usiku ukiinua kabini unakuta turbo imeiva nyekundu. Dawa yake ni kupunguza mafuta. Hewa ikiwa nyingi injini inapoa. Hilo halihitaji kompyuta.

MZEE: Ni kweli kwa lori lako. Kwa gari lake ni sumu.

Hapa lazima niingie, maana mafundi wetu wengi wamelelewa na Fuso na Scania, na busara ya dizeli wanaihamishia kwenye petroli bila kuikagua. Injini ya dizeli inavuta hewa yote inayoweza kuvuta, muda wote. Kinachopimwa ni dizeli tu. Ikiwa haina mzigo, inaweza kuwa na hewa kilo hamsini au zaidi kwa kilo moja ya dizeli, na inaenda bila kulalamika. Kwa hiyo kuongeza mafuta ni kuongeza moto, na kuyapunguza ni kupooza. Petroli haikubali hivyo. Cheche ya plagi haiwezi kuwasha mchanganyiko mwepesi kiasi hicho, ndiyo maana hewa nayo inabanwa na kuachiwa kwa mguu wa dereva, na viwili hivyo vinakwenda sambamba. Kwa kilo moja ya petroli, hewa inayotosha kuichoma yote pasibaki petroli wala oksijeni ni kilo 14.7.

Kilo ni kipimo cha maabara, tuhamie lita. Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi. Zidisha kwa 14.7, unapata hewa karibu kilo 11. Hewa ya huku kwetu, kwenye joto la nyuzi 30, ina uzito wa kilo 1.16 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo lita moja ya petroli inataka zaidi ya lita elfu tisa za hewa. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini watu walihangaika kutafuta turbo. Petroli kuiingiza ndani ni kazi ya pampu ndogo. Hewa ndiyo shida. Mswisi Alfred Büchi alichukua hataza ya wazo hilo mwaka 1905: moshi unaotoka uzungushe feni, feni isukume hewa inayoingia.

FUNDI UMEME: Shikamoo mzee. Naomba nimalizie alipoishia kaka dereva. Petroli ikizidi kidogo ndani ya silinda, ile iliyozidi inafanya kazi mbili. Inageuka mvuke na kunyonya joto la hewa. Halafu, kwa kuwa oksijeni haitoshi, moto wenyewe unawaka kwa joto dogo zaidi. Injini isiyo na turbo inatoa nguvu nyingi kwenye kumi na mbili na nusu hadi kumi na tatu. Ya turbo inateremshwa mpaka kumi na moja, kumi na mbili. Mafuta yale ya ziada hayaongezi nguvu. Yanapooza.

DEREVA: Kwa hiyo mnamwaga petroli ili kupooza injini? Kwa bei hizi za EWURA?

FUNDI UMEME: Ndiyo, kwa sekunde chache ulizokanyaga. Ukiwa umetulia kwenye mwendo wa hamsini kupita kijijini, kompyuta inarudi kwenye 14.7 na hakuna kinachomwagwa. Anayetaka kubana matumizi abanie hapo. Kwenye presha kamili ukibana petroli ya shilingi mia tano unalipia pistoni.

MZEE: Nao huo mzigo wa hesabu usidhani ni wa petroli tu. Pale shamba la mkonge walipoleta mtambo wa bayogesi, tuliokuwa tumezoea dizeli tulichanganyikiwa. Mkonge ukikwanguliwa, singa ni kama asilimia nne tu ya jani, mengine yote ni maji na makapi yaliyokuwa yakitupwa. Makapi yakaingia kwenye tangi, yakatoa gesi, gesi ikazungusha jenereta. Sasa gesi ile siyo methani tupu, karibu nusu yake ni hewa isiyowaka. Methani tupu inataka hewa kilo 17 kwa kilo moja. Hii yetu, kilo sita zinatosha. Namba ileile moja haiwezi kuhama kutoka injini hii kwenda ile.

FUNDI UMEME: Ndiyo maana sisi hatupendi namba za kilo. Tunatumia lamda. Kila mafuta yana kiwango chake cha kuungua kamili, na kiwango hicho tunakiita moja. Petroli ni 14.7, methani ni 17.2, ethanoli ni tisa. Ukisema lamda 0.8, maana yake hewa imepungua kwa asilimia 20 chini ya ile inayotosha, iwe petroli, gesi au pombe. Kumi na moja na nusu ya kaka ni lamda 0.78. Mtu akichanganya ethanoli kwenye petroli, ile kumi na moja na nusu haina maana tena, 0.78 bado inayo.

Dereva alitaka kucheka neno lamda, lakini ni herufi ya Kigiriki tu, na sensa inayoipima ina historia fupi kuliko watu wanavyodhani: Bosch waliitoa mwaka 1976, kwenye magari ya Volvo yaliyokwenda Marekani. Petroli yenye risasi inaiua. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilimaliza kuiondoa petroli ya risasi kufikia Januari 2006, kwa hiyo fundi aliyejifunza kazi kabla ya hapo alijifunza kwa macho, pua na plagi. Si ushamba, ndicho kipimo kilichokuwepo.

Turudi kwenye geji ya Kariakoo, maana hapo ndipo mjadala ulipopata uzito.

FUNDI UMEME: Kaka, hiyo geji yako yenye taa imeunganishwa na sensa ipi?

KIJANA: Ile ile iliyokuja na gari. Nimechukua waya wa ishara.

FUNDI UMEME: Hebu tudhani ni sensa ya zamani, ya aina nyembamba. Sensa ile inatoa umeme mdogo, kuanzia volti 0.1 mpaka 0.9. Mafuta yakipungua kuliko yale ya 14.7 inashuka, yakizidi inapanda, na kuruka kwenyewe ni kwa ghafla. Inajua pande mbili: huku au kule. Kompyuta ya kiwandani inaitumia kwa mwendo wa kawaida, inapunguza na kuongeza petroli ili ibaki katikati, na kwa hilo inafaa kabisa. Sasa wewe ukikanyaga, 13 ni mafuta yamezidi, taa kijani. 12 ni mafuta yamezidi, taa kijani. 10 nayo kijani. Kwa gari lenye turbo, kati ya 13 na 11 ndipo injini inapopona au kufa, na geji yako hapo imefumba macho.

KIJANA: Kwa hiyo imenidanganya?

FUNDI UMEME: Haikukudanganya. Uliiuliza swali lisilo lake. Unataka sensa pana, ina umeme wake wa kujipasha moto na kisanduku cha kuiendesha. Ya Bosch inayouzwa sana, LSU 4.9, ina nyaya tano. Lakini usiende dukani ukahesabu nyaya tu, kwa sababu Denso wana sensa za kiwandani zenye nyaya nne na zinasoma upana. Soma namba ya kipuri.

Na hapo likatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala mzima. Kijana anasema aongezewe petroli ifike kumi na moja na nusu. Aongezewe kutoka wapi? Magari mengi ya turbo ya zamani yalitoka kiwandani yakiwa na mafuta mengi kupita kiasi kwenye presha kamili, kwa ajili ya usalama. Forester hiyo inaweza kuwa kwenye kumi na nusu sasa hivi, na kufika kumi na moja na nusu ni kupunguza, siyo kuongeza. Au chujio lile la wazi limevuruga kipimo cha hewa, na gari liko kumi na mbili na nusu likielekea kuungua. Anayejua namba anayoitaka asijue namba aliyonayo hawezi kusema hata mwelekeo.

MZEE: Mimi bado naamini plagi. Kanyaga, zima injini hapohapo ukiwa umekanyaga, usiiache iungurume, vuta pembeni, fungua plagi zote nne. Ya hudhurungi ni nzuri. Nyeupe, hasa yenye vichembe vinavyong'aa, pistoni imeanza kuyeyuka. Nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Na hilo sensa yako hailiwezi, mwanangu, kwa sababu yenyewe imekaa kwenye ekzosi, inanusa silinda zote nne kwa mpigo. Nozeli moja ikiziba, silinda moja ikapata petroli kidogo na tatu zikapata nyingi, wastani unasomeka vizuri. Plagi nne zinakuambia nne.

FUNDI UMEME: Hapo mzee nakupa, wala sibishi. Ila plagi zinasimulia yaliyopita. Gari likitoka Muheza kwa mwendo wa polepole mpaka hapa, rangi unayoiona ni ya Muheza.

MZEE: Ndiyo nikasema zima ukiwa umekanyaga.

FUNDI UMEME: Sawa. Nami nimwulize kaka swali moja. Umefunga sensa pana, nzuri, umekanyaga, inasoma kumi na sita. Unafanyaje?

KIJANA: Mafuta yamepungua. Naongeza.

FUNDI UMEME: Unaongeza, sasa inasoma kumi na saba, gari linatetemeka. Halafu?

KIJANA: Pampu imekufa. Nabadilisha pampu.

FUNDI UMEME: Na umepoteza hela. Sensa haijui petroli, haijawahi kuiona. Inachonusa ni oksijeni. Gari likimisi, yaani plagi ikishindwa kuwasha, petroli inatoka mbichi na oksijeni nayo inatoka haijaguswa. Sensa inaiona ile oksijeni, inasema mafuta yamepungua. Ukiongeza, plagi inalowana zaidi, inamisi zaidi, oksijeni inatoka nyingi zaidi, geji inapanda zaidi. Unazamisha injini kwa petroli huku geji inakuambia ina kiu. Na turbo ikiongezwa presha kumisi ni rahisi, kwa sababu cheche inapata shida kuruka kwenye hewa iliyobanwa. Pengo la plagi la milimita 1.1 linatakiwa lishuke mpaka 0.7 au 0.8. Hilo ni kazi ya dakika ishirini na bei ya plagi nne.

DEREVA: Na ekzosi ikiwa na tundu?

FUNDI UMEME: Swali zuri kaka. Tundu kwenye gasketi kabla ya sensa linavuta hewa ya nje kila moshi unapopita, na geji itasoma mafuta yamepungua, ingawa ndani ya silinda hakuna kilichobadilika. Lipakae maji ya sabuni injini ikiwa baridi, upulize hewa, utaona mapovu.

Dereva hakurudi tena kwenye hoja yake ya dizeli, na nadhani ni kwa sababu swali hilo la tundu ni la mtu aliyeanza kuelewa sensa inapima nini. Kijana yeye alikuwa na kitu kingine cha kutetea.

KIJANA: Dada, na ile valvu yangu ya kupiga "pshiii" nikiachia mafuta? Hiyo nayo ina kosa?

FUNDI UMEME: Hiyo ndiyo inayokutolea moshi mweusi na milio ya "pa! pa!" kwenye ekzosi. Gari lako lina kipimo cha hewa kwenye bomba la kuingilia, mwanzoni kabisa, karibu na chujio. Hewa ikipita pale imeshahesabiwa, na kompyuta imeshaamua petroli yake. Kiwanda kiliirudisha hewa ya ziada nyuma ya kipimo, izunguke tena. Wewe unaitupa nje. Hewa iliyohesabiwa haipo tena, petroli yake ipo. Kila ukibadilisha gia, kwa muda mfupi injini inapata mafuta kupindukia. Na mpira ukichomoka klipu baada ya turbo ni vilevile: watu hudhani hewa ikivuja mafuta yanapungua, kumbe kwenye gari la aina hii yanazidi.

KIJANA: Lakini magari ya Safari Rally nayo yanapiga hivyo. Subaru ya Colin McRae, 1997, alishinda nayo Kenya.

FUNDI UMEME: Yale yalikuwa yakichelewesha cheche makusudi ili petroli iungue ndani ya ekzosi na turbo isipunguze kasi. Turbo ikafa mapema, wakabadilisha. Halafu kanuni ziliwabana hewa, ilipita kwenye tundu la milimita 34. Wewe una mafundi wangapi wanaokusubiri Mombo na turbo mpya?

MZEE: Ana mimi tu, na sina turbo.

Lingine ambalo geji haiwezi kulionyesha kabisa ni petroli yenyewe. Forester za turbo za soko la Japani zilipangwa zinywe ile petroli ya daraja la juu. Kiwango cha Japani kinaitaka iwe na oktani 96 au zaidi, na inayouzwa vituoni mara nyingi inakaribia 100, wakati ya kawaida huko huanzia 89. Karatasi ya onyo mara nyingi bado imebandikwa ndani ya kifuniko cha tangi, kwa Kijapani, na hakuna anayeisoma. Vituo vyetu vingi vina petroli ya aina moja, na hiyo unakunywa. Kuna kipindi hali ilikuwa mbaya zaidi: mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu, yakichanganywa na petroli na dizeli, mpaka EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya wachakachuaji ikatike.

Oktani ndogo haibadilishi geji. Petroli mbovu nayo itasoma kumi na moja na nusu, safi kabisa. Kinachobadilika ni kugonga: mchanganyiko ulio pembeni ya silinda, ambao moto wa plagi haujaufikia, unalipuka wenyewe kwa joto na mgandamizo. Ukiusikia ni kama kokoto ndani ya kopo, na kwenye gari lenye ekzosi kubwa na muziki hutausikia. Kugonga kwa dakika chache chini ya presha kunatosha kuvunja kingo nyembamba za pistoni zinazoshikilia ringi, na pistoni za Subaru za aina hii zina sifa mbaya kwa hilo. Gari litaanza kutoa moshi wa bluu na kula oili, na mwenye gari ataapa kuwa geji ilikuwa kijani.

Joto la huku linaongeza tatizo. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa kwa presha 0.8 juu ya ile ya kawaida, na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka ikiwa imepita nyuzi 100. Kwa 1.2 inafika nyuzi 140 kabla ya kugusa intakula, kile kipozeo cha hewa. Na intakula ya Forester imelala juu ya injini, chini ya ile pua ya boneti: gari likisimama kwenye foleni ya mizani au nyuma ya lori bovu, intakula inapikwa na injini iliyo chini yake. Ukiikanyaga mara baada ya hapo, unaikanyaga katika hali mbaya kuliko zote.

KIJANA: Basi niambieni kwa hesabu. Kwa nini 1.2 isiwezekane?

FUNDI UMEME: Naipenda hiyo. Hewa ya nje tayari ina presha ya moja. Wewe uko 0.8, jumla 1.8. Unataka 1.2, jumla 2.2. Hata tukidhani intakula inafanya kazi yake yote, hewa imeongezeka kwa asilimia 22, na petroli lazima iongezeke asilimia 22. Sasa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, kila silinda inapata milisekunde 20 kwa duru moja nzima, na nozeli haiwezi kufunguka zaidi ya hapo. Nikipima gari lako leo nikakuta nozeli inafunguka milisekunde 17, ambacho kwa gari lililokwishabadilishwa ekzosi ni kitu cha kawaida, asilimia 22 juu yake ni karibu 21. Zinatakiwa 21, zipo 20. Nozeli itakuwa wazi muda wote na bado petroli haitoshi. Kompyuta haina la kufanya.

MZEE: Na pampu?

FUNDI UMEME: Pampu nayo. Petroli inasukumwa kwa presha ya tatu juu ya ile iliyo ndani ya bomba la hewa. Turbo ikisukuma 1.2, pampu inatakiwa ifike 4.2, na kadiri presha inavyopanda ndivyo pampu inavyotoa petroli kidogo. Pampu ya gari la miaka ishirini, iliyozoea tangi la robo na uchafu wa chini ya tangi, itaanza kushindwa kwenye gia ya nne, siyo ya pili. Utajaribu gari hapa kijijini, litasoma vizuri. Litakufa ukiwa unapandisha, umekanyaga kwa sekunde kumi mfululizo.

Mimi nampa ushindi dada, na plagi za mzee nazibakiza. Kijana akiuliza aongeze au apunguze, jibu ni kwamba bado hajafika kwenye swali hilo. Abaki na 0.8. Arudishe valvu ya kiwandani, ajaze nyufa na kubana klipu, aweke plagi mpya zenye pengo dogo, apime presha ya pampu chini ya mzigo. Afunge sensa pana. Ndipo asome, na uwezekano ni mkubwa atakuta kompyuta ya kiwanda ilikuwa inamwaga petroli mpaka kumi na kitu, hapo fundi aipunguze taratibu kuelekea kumi na moja na nusu huku akisikiliza kugonga, na gari litapata nguvu bila turbo kuguswa. Akitaka 1.2, hiyo ni hesabu nyingine: nozeli kubwa, pampu, kompyuta iliyoandikwa upya, na petroli ambayo Hale haiuzwi. Kujaribu kwenyewe kusifanyike kwenye barabara ya Tanga, siyo kwa kuogopa tochi tu. Barabara ile ina watoto wa shule na wauza machungwa, na anayetazama geji hatazami barabara.

Na wewe unayesoma hapa ukiwa na gari la turbo na fundi aliyekuahidi nguvu: kabla ya kumlipa, mwambie akuonyeshe rekodi ya gari lako mwenyewe likiwa limekanyagwa, yenye mizunguko, presha ya turbo, lamda, milisekunde za nozeli na kugonga, vyote kwenye ukurasa mmoja. Asipokuwa nayo, chukua ufunguo wako.